Gari la Dukani, Taa za Stika

Mjomba,

Siku ile kwenye simu ulinicheka: "Magari yanazunguka tu, kwani yamepotea njia?" Nilikosa jibu, maana hata mimi, miaka yote hii hapa North Carolina, nimekuwa nikiyaona vivyo hivyo. Mwishowe mwenzangu wa kazini, mzee mmoja wa hapa hapa, akanivuta hadi Concord, jirani na Charlotte, kwenye mbio za Coca-Cola 600. Maili 600, raundi 400. Yaani utoke Mombasa ufike Nairobi, ugeuze urudi, na muda wote huo hujatoka ndani ya bakuli moja la lami.

Ile Safari Rally uliyotupeleka kuitazama Voi, gari hupita peke yake, likishindana na saa na vumbi. Hapa magari karibu 40 huachiwa kwa pamoja, pua ya hili mkiani mwa lile, kwa sababu wa mbele humkinga wa nyuma na upepo. Kona zimeinuka digrii 24. Mngurumo wa magari hayo, Mjomba, huusikii masikioni, unausikia kifuani.

Kilichonimaliza ni kubadilisha matairi. Watu watano wanaruka ukuta: mmoja na jeki, wawili na mashine za kufungulia nati, mmoja na matairi, mmoja na kopo la mafuta. Matairi manne, sekunde kumi na ushei, gari limeondoka. Tangu 2022 kila gurudumu lina nati moja tu, katikati. Nikawakumbuka vijana wako pale gereji na lile jeki linaloshuka lenyewe. Sisemi zaidi.

Jina la mchezo, "stock car", linasema haya ni magari ya kawaida, ya kununuliwa dukani: Chevrolet, Ford, Toyota. Basi nikasogelea moja la maonyesho. Taa za mbele ni stika! Milango haifunguki, dereva huingilia dirishani.

Lakini zamani yalikuwa ya dukani kweli, na asili yake ungeipenda. Vijana wa milima ya huku walikuwa wakisafirisha chang'aa yao usiku, wakiyatengeneza magari yawashinde polisi mbio. Wakaanza kushindana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1948, huko Daytona Beach, Bill France akaanzisha chama cha kuwawekea kanuni, NASCAR, ambacho hadi leo kimo mikononi mwa familia yake. Mbio zake za kwanza za ubingwa wa magari ya dukani zilifanyika Charlotte, Juni 1949. Glenn Dunaway akamaliza wa kwanza, wakaguzi wakainama chini ya Ford aliyoiendesha, wakakuta springi za nyuma zimechezewa ili zihimili mzigo wa pombe. Ushindi akapewa Jim Roper. Wewe na zile pikapu unazoziongezea springi usingefika popote.

Leo kuna madaraja matatu ya kitaifa: Cup juu kabisa, chini yake daraja la pili la magari, kisha la pikapu. Cup ina mbio 36 za pointi, Februari hadi Novemba. Timu zenye hati maalumu, nazo ni 36, zina uhakika wa nafasi kila wiki. Wengine hugombea nafasi nne zinazobaki.

Ila usidhani anayevuka mstari wa kwanza ndiye mshindi. Wendell Scott, Mweusi wa Virginia, fundi wa gari lake mwenyewe, alishinda Jacksonville Desemba 1963, lakini aliyepigiwa bendera ni Buck Baker, Mzungu. Saa kadhaa baadaye wakasema walikosea kuhesabu raundi. Kombe kutoka NASCAR familia yake ililipokea 2021, Scott akiwa ameshafariki tangu 1990. Na mwaka 2022, Pocono, wa kwanza na wa pili wote walifutwa kwa sababu ya vipande vya utepe vilivyofichwa kwenye pua za magari yao. Ushindi ukamwendea wa tatu, Chase Elliott.

Ndiyo maana usiku ule, watu walipoanza kumiminika kuelekea maegesho, yule mzee hakuinuka. Magari yalikuwa yakisukumwa kwenda kwenye ukaguzi. Mimi nilikuwa na zamu ya alfajiri. Nilimwacha ameketi, vipande vya mpira wa matairi vimemjaa kofiani, redio sikioni.

Mpwao,
Concord