Hakimu Naye Afundishwe Kuongea na Mtoto

Jamani, tukisikia mtoto wa jirani kaharibiwa, wote tunalia na kitu kimoja: "Afungwe huyo!" Sawa kabisa. Lakini msomaji wangu, umeshawahi kujiuliza kwa nini kesi inaanguka wakati mtaa mzima unamjua aliyefanya?

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mtoto wa ndugu yangu, wa miaka tisa, kutoa ushahidi. Hakimu wa kwanza alikuwa mkali: "Ongea kwa sauti! Jibu ulichoulizwa!" Mtoto kimya, machozi tu. Shauri likaahirishwa. Hakimu yule alipohamishwa, akaja mama mmoja. Yeye alianza na shule: uko darasa la ngapi? Mtu akisema uongo ni vizuri au vibaya? Unaahidi kusema kweli? Kila jibu akaliandika. Mtoto akaeleza yote. Karani akaninong'oneza kuwa mheshimiwa katoka kwenye mafunzo ya kesi za watoto.

Maswali yale yana uzito wake. Tangu mwaka 2016, sheria ya ushahidi Tanzania inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliukataa ushahidi wa mtoto katika kesi ya ubakaji kwa sababu ahadi hiyo haikuchukuliwa, na aliyefungwa akaachiwa. Sentensi moja tu, jamani!

Ujuzi huu hauji wenyewe na cheo. Mtu anaweza kubobea kwenye kesi za ardhi na mirathi, asijue kwamba mtoto aliyetishwa hunyamaza, huchanganya siku, hata hucheka kwa woga. Asiyefundishwa ataona anadanganya. Chuo cha Uongozi wa Mahakama tunacho pale Lushoto. Mafunzo haya yamfikie kila hakimu wa wilaya, siyo wachache wenye bahati ya semina.

Na wewe mzazi, usikae pembeni. Anzia dawati la jinsia na watoto polisi. Muulize mwendesha mashtaka kama shauri litasikilizwa faragha, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe mapema. Mtoto usimkaririshe maneno. Mwambie tu aseme lililotokea, na kwamba upo naye.