Muvi Mbaya, Muvi Mbovu

Huku Eldoret mtu akikwambia muvi fulani ni mbaya, usikimbilie kumwonea huruma aliyeitengeneza. Sikiliza sauti kwanza. Mbaya ikivutwa, mbayaaa, kichwa kikitikiswa na mkono ukifunika mdomo, hiyo ni sifa ya juu kabisa. Mbaya ikikatwa fupi ni lawama. Halafu kuna mbovu, ambayo haina kona: ni yai, ni gari lililokwama Burnt Forest saa sita usiku, ni muvi iliyokula mbao yako na haikukurudishia kitu. Na kuna wale wanaoyabeba yote mawili kwa mpigo, mbaya mbovu, na hao wanamaanisha kwamba kitu kimepita kipimo.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama muvi mbaya zina faida yoyote, swali lenyewe linaanza kuyumba kabla sijafungua mdomo.

Aliyeuliza ni Prof. Si profesa, ni rafiki yetu anayemalizia digrii ya fasihi, na jina alibandikwa na sisi. Jumapili jioni huwa tunakutana watu sita hivi katika chumba kimoja Annex, tunatundika shuka ukutani, tunawasha projekta ya mtumba inayonguruma kama mashine ya kusaga, na tunaangalia filamu ambayo mmoja wetu ameleta. Kuna Prof, kuna jamaa wa boda, kuna dada mwenye duka la kuuza muvi kwa flashi mjini. Kuna mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa katakata kupatikana, na sasa naandikia watu vitu kwa malipo ya kila neno. Zamu ni zamu. Ya dada ilipofika alileta Commando, ile ya Schwarzenegger ya mwaka wa 1985, na si Commando kavu. Ilikuwa na sauti ya DJ Afro juu yake.

Prof akasema ni takataka. Akaongeza kwamba ile tafsiri ni takataka juu ya takataka.

Kama ulizaliwa juzi, hadithi ni hii. Matrix, mwanajeshi mstaafu, anatekewa binti. Watekaji wanampandisha ndege aende akamuue rais wa nchi ambayo haiko kwenye ramani yoyote. Ndege inapopaa anaruka, anaangukia kwenye kinamasi, anaweka saa yake: ana masaa kumi na moja kabla ndege itue na waovu wajue kwamba hayumo ndani. Yaliyobaki ni risasi. Katikati kuna Porsche ya manjano ambayo inagongwa, inalala ubavu, upande mmoja wote umebomoka. Matrix anaisukuma inasimama, anaiendesha, na haina hata mkwaruzo.

"Gari limepona!" jamaa wa boda akapiga kelele, na chumba kizima kikaanguka.

Prof alingoja kicheko kiishe. "Mnaona? Hata wenyewe hawakujali."

"Wewe umeona gari," dada akamjibu. "Mimi nilikuwa naangalia saa."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu kuliko makala mengi niliyolipwa kuandika. Saa ya Matrix ndiyo inayoibeba ile filamu. Ukishajua yale masaa kumi na moja, kila mlango unaofunguka unakula dakika zako pia, na gari lipone lisipone, wewe uko mbio. Prof analo neno la kitu hicho, taharuki, na amelipatia alama tele. Dada hakulisema neno. Alikiona kitu.

Prof anayo maneno yote, na simcheki, kwa sababu ninayo pia. Tuliyapata mahali pamoja. Kila aliyefanya KCSE anaijua Kiswahili Karatasi ya Tatu. Jadili maudhui. Fafanua sifa za mhusika. Taja mbinu nne za lugha. Ni maneno mazuri, mengine ni matamu kabisa kutamka: kinaya, kisengerenyuma, jazanda. Tatizo ni kwamba tulifundishwa kuyatoa mbele ya kitabu kilichopigwa muhuri, basi. Sisi tulisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Humo ndugu waliopoteana wanakuja kukutana uwanja wa ndege, kama mchezo. Darasani tuliliita jambo hilo sadfa, tukapewa alama mbili. Sasa mwombe Prof akuelezee jinsi Matrix anavyompata kila mtu anayemtafuta katika jiji zima la Los Angeles kwa usiku mmoja. Haitakuwa sadfa. Itakuwa "uongo."

Na dada naye ana maneno yake. Muvi imelala, yaani imekosa mwendo. Muvi imeshika. Muvi ya kuongea, ambayo ni aina nzima ya filamu, ile ya watu wawili mezani na mvua dirishani. Staringi, ambaye ndiye mhusika mkuu, na kanuni ya staringi ambayo kila mtoto wa kibanda anaijua: hadedi. Usiku ule alitoa moja ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote. Adui mkubwa, alisema, hafai kufa bei rahisi. Ukimvumilia mtu saa moja na nusu akitesa watu halafu aanguke kwa risasi moja, umeibiwa. Bennett, adui wa Commando, anatobolewa kwa bomba la chuma lililomrushwa, na mvuke unatokea upande wa pili. "Hapo nimelipwa," dada akasema.

Hiyo ni nadharia. Ina kipimo, ina sababu, na unaweza kuipeleka kwenye filamu nyingine ukaone kama inasimama.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video Langas. Mabati, mabenchi, televisheni ya mgongo, jenereta nje, na karatasi ya manila mlangoni yenye muvi za siku hiyo kwa kalamu nyekundu. Watoto ashuu, wakubwa mbao. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa naingia darasa la tatu. Langas iliwaka, na kibanda kilienda pamoja na mabati yake. Nje kidogo ya mji, Kiambaa, watu walichomwa ndani ya kanisa tarehe moja Januari. Haya yanajulikana, sitayarudia.

Mjomba alifungua tena mwaka uliofuata, pale pale, na mabenchi yakajaa watu wale wale ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakitazamana kwa macho mengine. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amepoteza nyumba na ng'ombe. Kila Jumamosi aliitisha vitu vya Rambo, Commando, yoyote yenye watu wengi wa kufa. Siku moja mjomba aliweka filamu ya vita iliyotengenezwa kwa uangalifu, ile ambayo mtu akipigwa risasi kamera inabaki naye anapotafuta pumzi. Mzee alisimama baada ya dakika kumi, akavaa koti lake, akatoka. Hakudai mbao yake. Jumamosi iliyofuata alirudi, akauliza kama ile nyingine ipo, ile ambayo wanaanguka kama magunia.

Wanaosema muvi kama hizo zinawazoesha watu damu hawajawahi kumpa mzee yule nafasi ya kuongea. Alikuwa amezoeshwa tayari. Alichotaka ni vita ambavyo hakuna aliyekufa.

Na kuhusu kutia chumvi: sisi si wageni wa jambo hili, na Kiswahili kina jina lake, chuku. Fumo Liyongo haingii chuma mpaka atobolewe kitovuni kwa sindano ya shaba, na hata akishakufa amepiga goti na upinde wake, watu wanaogopa kumkaribia. Lwanda Magere wa Wajaluo ana mwili wa jiwe, mishale inadunda, mpaka mke aliyetoka kwa maadui agundue kwamba uhai wake uko kivulini. Nilipoutoa mfano huu pale Annex, jamaa wa boda alicheka peke yake. Yeye ni Mnandi, na masimulizi ya Wajaluo yanawahesabu Wanandi kuwa ndio maadui wenyewe. "Kwetu," akasema, "Magere ni adui. Lakini alikufa bei ya juu." Dada akampa mkono.

Kuna historia chafu pia ya kuamuliwa ni filamu ipi inatufaa. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, kule Usambara, Tanganyika. Kisha kikaja Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na William Sellers, mmoja wa wakubwa wake, akashikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji filamu ya polepole, picha zisikatwekatwe haraka, kamera isifanye mazingaombwe yoyote, la sivyo tutachanganyikiwa. Filamu ya kuongea tu, angesema dada, na imelala. Kila nikiona kibanda kimejaa watu wanaofuata Jackie Chan akipigana na watu tisa kwa ngazi moja, bila kupotea hata sekunde, humkumbuka Bwana Sellers.

Lakini hata upande wetu, wanaozipenda, tuna ugonjwa wetu. Mwaka jana mhariri mmoja wa nje aliniomba makala kuhusu Wakaliwood, studio ya Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala. Alitaka niandike kwamba Who Killed Captain Alex? ya 2010 ni mbovu kiasi kwamba inakuwa nzuri. Bajeti chini ya dola 200, bunduki za mbao na mabomba, kondomu zilizojazwa rangi nyekundu ili zipasuke kama jeraha. Alitaka kicheko cha mtu aliyeketi juu akitazama chini. Niliandika kitu kingine, hakikuchukuliwa, na hakikulipwa. Kicheko kile nakijua, lakini si cha kibandani. Pauline Kael, mhakiki wa Marekani, aliandika mwaka wa 1969 kwamba takataka inaweza kufurahisha bila kuvalishwa suti ya sanaa, na hapo namfuata. Ninachokataa ni mtu kuifurahia akiwa amejishika pua.

Captain Alex haichekeshi kwa bahati mbaya. Ndani yake mna sauti ya VJ Emmie tangu mwanzo hadi mwisho, akitania, akiwasifu makomando, akitangaza muvi nyingine. Anajua unachocheka kabla hujacheka. Filamu inajihakiki yenyewe wakati inakwenda. Na haijibu kamwe swali la jina lake. Nani alimuua Alex, utakufa hujui.

Hapo ndipo namkuta DJ Afro. Prof anasema haifuati filamu, na ni kweli: James Muigai hatafsiri mazungumzo, anayasimulia upya, anawapa watu tabia za mtaani, anamsuta adui, anamwonya staringi ambaye hawezi kumsikia. Uganda wana mavijei wao, Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Japani, enzi za filamu bubu, walikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia, na watu walikata tiketi kwa ajili yake kuliko mwigizaji. Filamu za sauti zilipofika miaka ya 1930 kazi yao ikaisha. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume: filamu ilikuja na sauti yake, na watu wakaona haitoshi.

Nilimwambia Prof kwamba ule ndio uhakiki wa kwanza niliousikia maishani, kabla ya Karatasi ya Tatu, kabla ya chuo. Mtu mzima, kwa Kiswahili, akiniambia kwa nini niogope sasa na kwa nini huyu ni mjinga. Prof akasema uhakiki unaandikwa. Nikamwambia basi tuandike. Tumekuwa tukibishana tangu hapo kama "adui kufa bei rahisi" inaweza kukaa kwenye sentensi moja na "kilele cha msuko". Mimi naona inakaa. Prof anataka alama za kunukuu.

Kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine. Nabwana aliwahi kueleza kwamba Captain Alex isiyo na sauti ya kijei haipo tena. Kompyuta ilijaa, akaifuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Dukani kwa dada mambo ni hayo hayo. Diski ikijaa, anafuta zisizoulizwa, na siku hizi vijana wanauliza siri za Kikorea, vipindi kumi na sita kwa mpigo. Juzi nilimkuta akichagua: hii imekaa, hii toa, hii toa. Zilizokuwa zinatoka zote zilikuwa za Afro, zile za zamani, rekodi zenye mkwaruzo ambazo sijawahi kuziona kwingine. Nikamwomba Commando asiiguse. Akatafuta flashi kuukuu ya giga nane, akanihamishia hiyo na nyingine tisa, akanidai mia tatu.

"Si mimi ni rafiki yako?"

"Bei ya rafiki hiyo," akasema, akaendelea kufuta.