Askari wa sentimita 19

Mlizoea kunikuta hapa nikilalamikia hifadhidata na programu zisizotaka kuelewana. Leo nawaomba mnivumilie, maana kwa miezi mitatu sasa Jumapili zangu zote zimeliwa na mtu mmoja mwenye urefu wa sentimita 19. Hana hata jina kwenye kompyuta yangu. Faili lake linaitwa babake_nyanya, basi.

Nafinyanga visanamu vya askari. Si vya kuchezea. Ni vile ambavyo kila kifungo, kila mkanda na kila mkunjo wa suruali lazima uwe na ushahidi: picha, kanuni ya jeshi, au kitu chenyewe kilichohifadhiwa makumbusho. Ulaya na Marekani kazi hii ina wapenzi wengi sana. Hapa Nakuru nikimweleza mtu, swali la kwanza ni nauza bei gani, na la pili ni kama nina watoto. Siuzi, na sina.

Kwa sisi watu wa kompyuta, utamu wake uko kwenye hesabu. Kipimo kinachopendwa zaidi ni milimita 54, ambacho ni takriban 1 kwa 32. Niliandika skripti fupi ya Python inayopokea kipimo halisi na kurudisha kipimo cha kisanamu. Bunduki ya Lee-Enfield ina urefu wa karibu mita 1.13, kwa hiyo kwenye 1/32 inakuwa milimita 35. Kifungo cha milimita 20 kinabaki pungufu ya milimita moja. Sasa fikiria mkono ukiteleza nusu milimita tu: kwa mtu halisi hiyo ni sentimita moja na nusu. Ukingo wa kofia ukizidi kwa kiasi hicho, umeshamvika kofia ya jeshi la nchi nyingine.

Vifaa vyenyewe havitishi. Nahitaji waya mwembamba wa kutengenezea mifupa, epoksi ya sehemu mbili, sindano, vijiti vya kuchokolea meno, na kifaa kimoja cha daktari wa meno nilichopewa na rafiki. Epoksi wanayoipenda mafundi wa fani hii huja na rangi mbili, njano na buluu. Ukiikanda inageuka kijani, na hapo saa inaanza kukimbia. Una kama saa moja na nusu kabla haijakataa amri. Vidole huloweshwa maji ili isinate. Kisha unaacha ikauke hadi kesho yake ndipo uongeze tabaka jingine.

Tabaka ndilo neno kubwa hapa. Anayeanza hutamani kufinyanga shati moja kwa moja, lakini shati halina umbo lake lenyewe. Linaning'inia mabegani, linavutwa na kiwiko, linabanwa na mkanda. Kwa hiyo unaanza na mtu aliye uchi, mwenye misuli yake na mbavu zake, halafu unamvisha: suruali, shati, mikanda, na mwisho mizigo. Ukiruka hatua, utajulikana. Wenzangu mnaoandika programu mnanielewa, mmeshawahi kuona kurasa nzuri zilizojengwa juu ya hifadhidata mbovu.

Sasa niwaambie kwa nini huyu ni wa sentimita 19 na si milimita 54.

Nyanya, mama wa mama yangu, alizaliwa mwaka 1947. Baba yake alikuwa amerejea kutoka Burma mwaka uliotangulia. Alikuwa askari wa King's African Rifles, ile KAR, jeshi lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki na ya Kati. Nyumbani kulikuwa na picha yake moja. Nami niliiona nikiwa mdogo, imekunjamana na ina doa la chai pembeni. Januari 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi yalipoingia Nakuru, nyumba ya nyanya iliungua na picha ikaenda. Hakuna nakala. Na sasa macho ya nyanya yanafifia mwaka hadi mwaka. Anaona mwanga na vivuli, lakini vidole vyake bado vinachagua mawe kwenye mchele kuliko mimi.

Kisanamu cha milimita 54 mkononi mwake kingekuwa kama kokoto. Nikachagua 1/9. Mtu wa mita 1.70 anakuwa milimita 189, na bunduki yake milimita 126. Kwenye kipimo hicho kidole kinaweza kusoma.

Ushahidi ndio uliokuwa na kazi. Kuhusu Burma, mengi yanajulikana. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya Asia, kwenye matope na malaria, hadi ikaitwaa Kalewa mapema Desemba. Mwezi huohuo wahandisi wakatandaza daraja la Bailey la zaidi ya mita 350 juu ya mto Chindwin. Nembo ya divisheni ilikuwa kichwa cha kifaru (mnyama, si gari la vita, wavulana wa ofisini wameshanicheka vya kutosha). Kufika tu kule kulikuwa hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa karibu watu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Makumbusho ya Vita ya London yana picha za askari hao, na nyingi zinaonekana kwenye intaneti. Nilizipakua na kuzipanga kwenye jedwali: kofia pana, upande upi umekunjwa, mikono ya shati, viatu, panga limefungwa wapi. Wote wamevaa mabuti.

Nyanya akasema, "La. Baba alikuwa peku."

Nikamweleza kuhusu zile picha. Akanisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mhubiri wa redioni, kisha akarudia: peku, kaptura, na mguu mmoja mbele kidogo. Alikumbuka hata vidole vya miguu, kwa sababu kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimejipinda, na alipokuwa mtoto alikuwa akilinganisha kile cha kwenye picha na kile cha baba aliyekaa mbele yake.

Siku hiyo niliacha epoksi nikakaa na jedwali langu. Ushahidi wa aina mbili unapopingana, mara nyingi unajibu maswali mawili tofauti. Askari wa KAR kabla ya vita walizoea kwenda peku au kwa viatu vya wazi. Mabuti yalienea wakati wa vita vyenyewe. Basi nyanya hakuwa anaeleza Burma. Alikuwa anaeleza picha, na picha ilipigwa kabla babake hajavuka bahari. Miguu ile mitupu imetupa jambo ambalo familia nzima haikulijua: yule kijana kwenye picha alikuwa bado hajaona lolote. Mama yangu aliponisikia nikisema hivyo alinyamaza muda mrefu. Sikuzote alikuwa akiona kwenye uso ule mtu aliyetoka vitani.

Nikaondoa nembo ya kifaru, nikaondoa panga, nikamwacha na kaptura, mkanda na bunduki. Kidole gumba kimepinda. Wajuzi wa mavazi ya Burma wakimwona watasema hajakamilika, na hiyo ni haki yao.

Uso ulinichukua majuma matano. Vichwa vinavyouzwa tayari karibu vyote vina nyuso za Kizungu, na wapo wanaodhani ukipaka kahawia umemaliza. Pua, midomo na mfupa wa shavu havibadilishwi na brashi. Rangi nayo ina mambo yake. Kivuli cha ngozi yetu ukikitengeneza kwa nyeusi, uso unakufa. Mimi nachanganya kahawia nyekundu na zambarau kidogo, na kwenye mwanga naongeza rangi ya udongo wa chungwa. Nilijifunza hilo kwa kuwatazama abiria wa matatu kati ya Lanet na mjini jua likiwa limeinama. Kama uliniona nikikukodolea macho, niwie radhi.

Masikio niliyaacha makusudi mpaka nyanya apate muda. Alikaa barazani, akamshika kichwa kwa vidole viwili, nami nikawa nabandika epoksi mbichi huku yeye akipima.

"Yawe makubwa."

Nikaongeza.

"Zaidi. Baba alikuwa na masikio ya kusikia mvua kutoka Menengai."

Wengine wameniuliza kwa nini sikutumia printa ya 3D. Ninayo Blender na ninaipenda, na bunduki niliichora huko kwa sababu chuma kinataka mistari iliyonyooka. Lakini mtu wa kwenye skrini huwezi kumpa mtu asiyeona amrekebishe. Tena kwenye kompyuta kila kosa linafutika, kwa hiyo huishi kufuta. Epoksi ikishakauka unaamua kuishi nayo au kuikata kwa kisu.

Nikiwa Nairobi kwa kazi mwezi uliopita nilipita Kenyatta Avenue kuitazama sanamu ya Askari kwa jicho la fundi. Ilitengenezwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ambaye pia ndiye aliyefinyanga yule askari wa Dar es Salaam aliyesimamishwa mwaka 1927. Wa Nairobi wako watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Huyo ndiye niliyesimama naye zaidi. Vita vya 1914 hadi 1918 huku kwetu vilibebwa vichwani na mabegani. Wachukuzi wa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na wakatuachia majina ya mitaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba angalau watu 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yao huenda ikafika 350,000. Nenda makaburi ya vita ya Gilgil, si mbali na hapa, uone mawe yaliyopangwa kwa unadhifu, kila moja na jina lake. Halafu ufikirie tarakimu hiyo.

Katika maduka yote ya mtandaoni ninayoyajua, vifaru vya Wajerumani vimejaa kwa kila muundo, hadi tofauti za misumari yake. Mchukuzi sijamwona hata mmoja.

Kwa hiyo huyo ndiye anayefuata, wa milimita 54 safari hii. Waya nimeshaukunja. Shida yangu kwa sasa ni shingo. Mzigo wa kilo 25 ukiwekwa kichwani unabadilisha mgongo, nyonga, hata jinsi kisigino kinavyokanyaga, na picha nilizonazo zimepigwa kutoka mbele tu. Jirani yangu mmoja, mama anayeleta viazi sokoni, amekubali nimpige picha kwa pembeni Jumamosi, mradi nimbebee gunia la pili.