Usimwonee Bwana Haya

Majuzi mwanangu alinipeleka kula sushi kule Westlands, Nairobi: wali wenye siki na samaki mbichi, unakula kwa vijiti. Kibandani Thika huwa naombea chakula kwa sauti. Pale, kati ya watu wa suti, nilijifanya nasoma menyu. Mhudumu akainama, akaninong'oneza, "Pasta, leo hatuombi?" Kumbe ni msichana wa kanisa letu la Ruiru! Niliona aibu. Tukaomba sote watatu.

Petro alimkana Bwana penye moto wa makaa. Baadaye, penye moto wa makaa, Yesu alimwandalia samaki, akamrudisha (Yohana 18 na 21). Wewe unamwonea haya wapi? Rudi leo. Ubarikiwe.