Saa Niliyoikuta Nakonde

Usiku wa kuamkia safari niliupitisha nikijikumbusha Kiingereza. Sikuwa nimewahi kutoka Tanzania. Zambia niliijua kwa ramani ya darasani na kwa malori yanayopita Mbeya mchana na usiku. Nikaandaa maneno ya kumjibu afisa wa uhamiaji, ya kuuliza bei, hata ya kuomba maji ya kunywa.

Alfajiri nikapanda kosta. Mbalizi, Mlowo, Vwawa, na baada ya kilomita zipatazo 100 tukaikuta foleni ya malori ya Tunduma. Pembeni mwa matrela madereva walikuwa wanachemsha chai, kama watu waliokwisha kuzoea kungoja. Nilitarajia nchi iishie mtoni au mlimani. Tunduma haiishi hivyo. Maduka yanafuatana, bodaboda zinapishana, na ghafla mabango yanataja bei kwa kwacha.

Tangu mwaka 2019 nchi hizi mbili zinahudumia wasafiri kwenye kituo cha pamoja. Niligongewa muhuri wa kutoka, nikasogea dirisha la pili. Nilipoanza tu maneno yangu ya Kiingereza, afisa akatabasamu: “Karibu, dada. Unarudi leo leo?”

Sokoni Nakonde, upande wa Zambia, nilimwamkia mama mmoja muuza nafaka. “Shikamoo, mama.” Akaitikia marahaba bila kushangaa. Mbele yake kulikuwa na dagaa wa kapenta na karanga, na gunia la mchele wa Kyela. Nimevuka nchi kuja kuuziwa mchele wa nyumbani! Alipokea shilingi, alipokea kwacha, na hesabu zote alizifanya kichwani. Kitenge alichojifunga alikiita chitenge.

Nikamuuliza soko hufungwa saa ngapi. Naye akaniuliza, “Saa za kwenu au za kwetu?”

Nikaitazama saa yangu ya mkononi: saa tatu na nusu. Nikaitazama simu: saa mbili na nusu. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu yangu ilikuwa imeshadaka mnara wa ng'ambo bila kunishauri.

Mama akanisogezea kigoda. Yeye ni Mnyamwanga, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Mstari huu wa mpaka waliukubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, nao walikuwa mbali sana na mashamba ya watu. Yeye kazaliwa Nakonde, dada yake aliolewa Tunduma, mwendo wa miguu tu. Harusi ikifanyika huku, alisema, wageni wa Tunduma hufika mapema, wakaanza kusaidia kumenya viazi. Tukacheka.

Kisha akanyamaza kidogo. Dada yake alipofariki, mazishi yalipangwa saa nane, saa za Tunduma. Usiku wa kuamkia mazishi simu ya mama ilikuwa imerudi kwenye mnara wa Zambia. Akajiandaa kwa utulivu, akavuka, akakuta waombolezaji wanarudi kutoka makaburini. “Sikumtupia hata udongo,” alisema, akiukung'uta mchele kwenye ungo.

Sikuwa na neno, la Kiingereza wala la Kiswahili. Asubuhi ile nilikuwa nimeutafuta mpaka wa nchi hizi kwenye lugha na kwenye nyuso za watu, sikuuona. Kumbe ulikuwa mfukoni mwangu, ndani ya simu, na mama huyu ulikuwa umemnyima dakika za mwisho na ndugu yake.

Nilikaa naye hadi alasiri. Tulikula ugali, ambao huko huitwa nshima, kwa majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Nikanunua kilo mbili za mchele ule ule wa Kyela, kwa sababu nilitaka kubeba kitu kilichopita mikononi mwake.

Jua lilipoanza kushuka, alikunja mkono wa blauzi. Ndipo nilipoiona saa yake, ndogo, ya mkanda mweusi. Haikuwa ya Zambia.

“Wahi, mwanangu,” alisema. “Kule ni saa kumi na moja.”