Saa Nane Jioni

Nilifika Umeå, kaskazini mwa Sweden, Novemba 2012, kumfuata mume wangu aliyekuwa akisoma chuo kikuu pale. Baridi nilikuwa nimeshaonywa. Karibu kila aliyekuja kuniaga Tanga alikuja na sweta. Giza hakuna aliyenitajia.

Sisi saa zetu tunazihesabu kwa jua. Linachomoza saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, huna haja ya kutazama ukutani. Desemba ile jua la Umeå lilitoka karibu saa tatu na nusu, na saa nane mchana haijafika limeshazama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zikafuatana ndani ya saa mbili na kitu. Ukisema ungoje wali uive kwanza, alasiri imekupita.

Mama akapiga simu. Nikamwambia huku ni saa nane, nimewasha taa, napika.

"Saa nane mchana unawasha taa?"

"Giza limeshaingia, mama."

Akanyamaza. "Jua limepatwa?"

"Hapana. Limezama tu."

"Basi rudi nyumbani, mwanangu." Wala hakuwa anatania.

Nilichokosa haikuwa Tanga nzima. Nilikosa jioni. Ile saa kumi jua limepoa, shoga anapiga hodi, mihogo inakaangwa nje, watu barazani wanaongea lolote linalokuja mdomoni. Mchana wa Umeå ulikatika kama umeme wa kwetu, kabla hujajiandaa, na baada yake ni usiku. Saa kumi nilikuwa nimeshavaa nguo za kulala. Nililia bila kufiwa, hata nikadhani nimefanyiwa husuda.

Majira yale yale kampuni ya umeme ya mji iliweka taa za tiba ya mwanga katika vituo vya basi 30 hivi. Siku moja nikakaa chini ya mwanga ule mweupe, nikafungua zipu ya koti, nikainua uso kama mtu anayeota jua. Basi likaja, likaondoka. La pili nalo. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu naye hakupanda. Hatukusemeshana, salamu kwa mtu usiyemjua huko haipo, na mpaka leo nahesabu hiyo ni kasoro yao.

Karibu kila dirisha lilikuwa na taa ya balbu saba, zimepangwa kama paa la nyumba. Nikanunua moja duka la mitumba. Mume wangu akaigeuza geuza. "Hii si ya Krismasi?"

"Ya giza," nikamjibu, nikaichomeka.

Kisha kuna upande wa pili. Ramadhani ya 2015 ilianza Juni, jua linazama karibu saa tano usiku na giza lenyewe haliingii. Tukafuata saa za Makka, kama wengine walivyofanya. Nilifuturu jua linanipiga usoni, tende mkononi, najiona kama mwizi.

Desemba iliyofuata mama akapiga tena. "Giza limeingia?"

"Limeingia. Ndiyo kwanza jioni."

"Jioni, saa nane?" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Na umebandika nini hiyo jioni yako?"

"Mihogo," nikamwambia. Ilikuwa ya kugandishwa, ya pakiti, lakini hilo sikumwambia.