Behewa la Simba na Injini Yenye Jina la Mlima

Mtoto aliyepanda Madaraka Express likizoni anajua treni ya vioo vikubwa inayomfikisha Mombasa kwa saa chache. Treni ya babu zake ilisafiri usiku kucha. Mabaki yake yamesimama juani karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, na ni mahali pazuri pa kumpeleka mtoto.

Kinachovuta watoto kwanza ni behewa namba 12. Mwezi Juni 1900, ofisa wa polisi Charles Ryall alikesha humo na wenzake wawili katika stesheni ya Kima, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukawashinda. Simba akaingia mlangoni, akamnyakua Ryall na kutoka naye dirishani. Mtoto akionyeshwa behewa lenyewe hunyamaza kidogo, kisha maswali hayaishi. (Kwa wale wadogo kabisa, mzazi apime mwenyewe asimulie kiasi gani, maana usiku utafika.)

Simba huyo si mmoja wa wale wawili wa Tsavo. Hao waliuawa mwaka 1898 na sasa wanaonyeshwa Chicago, Marekani, ingawa hadithi hizi mbili huchanganywa kila mara.

Kuna jambo ambalo simba huwasahaulisha wageni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu mwishoni mwa 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki. John Patterson, aliyewaua simba wa Tsavo, alikuja kudai kwamba wanyama hao waliua watu 135, na wengi huiona hesabu hiyo kuwa imetiwa chumvi. Hata tukiikubali, bado ni ndogo sana mbele ya waliouawa na maradhi na ajali. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuambiwa hivyo, na ataelewa.

Halafu kuna jitu lenyewe: injini namba 5918, Mount Gelai, yenye rangi ya damu ya mzee. Ni ya aina ya Garratt, iliyoundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hakukuwa na injini za mvuke kubwa kuliko hizi duniani katika reli za upana wa mita moja. Ikijaa maji na mafuta ilizidi tani 250, na gurudumu lake kubwa linalingana kimo na huyo mtoto wa darasa la nne.

Dude refu namna hiyo lingekataa kupinda kwenye kona. Mafundi waliligawa mara tatu: boila limening'inizwa katikati, na kila upande kuna seti yake ya magurudumu na mitambo inayojigeuza peke yake. Ndivyo lilivyovuta mizigo ya tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Halikulishwa makaa, bali mafuta mazito.

Kwa picha, usihangaike kuliingiza lote kwenye simu ukiwa ubavuni. Simama pembeni mwa pua yake, piga kwa mshazari, jua likiwa mgongoni kwako. Kisha mweke mtoto kando ya gurudumu moja tu. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwani vyuma hivi vina ncha na adhuhuri hupata moto.

Mlima Gelai wenyewe uko kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Mkirudi nyumbani, mpe mtoto ramani autafute.